Utafiti wa lishe ya nguruwe mkoani Songwe

Utafiti wa lishe ya nguruwe mkoani Songwe ni kazi ya kitaalamu iliyofanywa na wahadhiri na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (kifupi: SUA) cha Morogoro, pamoja na washirika wao, kuhusu namna wafugaji wadogo wa kusini-magharibi mwa Tanzania wanavyowalisha na kuwatunza nguruwe. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika katika wilaya ya Mbozi na maeneo ya jirani wakati yakiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya.

Utafiti huu unahusu pia afya ya binadamu. Nguruwe asiyepewa chakula cha kutosha bandani hufunguliwa ajitafutie. Akizurura penye uhaba wa vyoo hula kinyesi cha watu na kupata lava wa tegu wa nguruwe (*Taenia solium*). Tegu huyo ni mojawapo ya visababishi vikuu vya kifafa katika nchi ambako nguruwe hufugwa namna hiyo. Kwa sababu hiyo wataalamu wa sayansi ya wanyama wanahesabu chakula cha nguruwe kuwa sehemu ya kinga ya ugonjwa wa binadamu.

## Eneo

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kugawa Mkoa wa Mbeya. Makao makuu yako Vwawa, katika wilaya ya Mbozi. Wilaya nyingine ni Ileje, Momba na Songwe. Mji wa Tunduma una halmashauri yake. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa ulikuwa na wakazi zaidi ya milioni 1.3. Wenyeji wake ni pamoja na Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Wawanda na Wabungu.

Nyanda za juu za Mbozi hulima mahindi, maharagwe, viazi na kahawa. Upande wa Momba, kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, kuna joto zaidi na hulimwa mpunga, ufuta na mtama. Tunduma iko mpakani, ng'ambo ya Nakonde nchini Zambia, na hupitiwa na barabara kuu ya Tanzania na Zambia pamoja na reli ya TAZARA. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa hapo mwaka 2019.

Mazingira hayo yanafaa kwa nguruwe. Mahindi yanapokobolewa pumba hubaki, alizeti inapokamuliwa mashudu hubaki, na pombe ya kienyeji huacha machicha. Nguruwe huzaa mara mbili kwa mwaka akitunzwa vizuri, mimba yake hudumu siku 114 hivi, na uzao mmoja huweza kuwa na watoto 8 hadi 12. Kwa kaya isiyo na ng'ombe, nguruwe ni akiba inayouzwa pale ada ya shule au matibabu yanapohitajika.

## Chanzo cha tatizo: tegu wa nguruwe

Tegu mkubwa huishi ndani ya utumbo wa binadamu tu. Anaweza kufikia urefu wa mita kadhaa, na mara nyingi mwenye tegu hajisikii mgonjwa. Vipande vya mwili wa tegu vilivyojaa mayai hutoka pamoja na kinyesi. Nguruwe akila kinyesi hicho, au chakula na maji yaliyochafuliwa nacho, mayai huanguliwa, na lava huingia katika damu na kutulia kwenye misuli. Baada ya miezi 2 hadi 3 huwa vijifuko vyeupe vinavyofanana na punje za mchele. Mtu anayekula nyama hiyo bila kuiva humeza lava hao, na mmoja wao anaweza kukua kuwa tegu mkubwa. Hapo mzunguko huanza upya.

Kuna njia ya pili, nayo ndiyo ya hatari zaidi. Mtu akimeza mayai yenyewe, kwa mfano kupitia mikono isiyonawiwa, mboga mbichi au maji machafu, lava hutulia mwilini mwake kama wanavyotulia mwilini mwa nguruwe. Wakifika kwenye ubongo huweza kuleta kifafa, maumivu makali ya kichwa, upofu au kifo. Ni muhimu kutofautisha njia hizi mbili: tegu mkubwa hupatikana kwa kula nyama, lakini ugonjwa wa ubongo hupatikana kwa kumeza mayai yaliyotoka kwa binadamu mwenye tegu. Mtu ambaye hajawahi kuonja nyama ya nguruwe, awe Mwislamu, Msabato au mwingine yeyote, anaweza kuugua ikiwa jirani yake au mpishi wake ana tegu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo yenye tegu huyo takriban asilimia 30 ya kifafa hutokana naye. Mwaka 2014 shirika hilo na lile la Chakula na Kilimo (FAO) yalimweka wa kwanza katika orodha ya vimelea vinavyoenezwa kwa chakula duniani.

## Chakula na banda

Ushauri uliozoeleka kwa wafugaji ni "fungia nguruwe wako". Ushauri ni sahihi, lakini una gharama ambayo mara nyingi haitajwi. Nguruwe anayezurura hujilisha mwenyewe: hula mizizi, wadudu, masalia ya mavuno, maganda jalalani na kinyesi. Siku anapofungwa, mzigo wote wa kumlisha na kumnywesha humwangukia mwenye nyumba, na aghalabu mama na watoto ndio wanaobeba ndoo.

Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki nguruwe hufungwa msimu wa kilimo ili wasiharibu mazao ya majirani, kisha hufunguliwa baada ya mavuno. Sheria ndogo za vijiji zinazokataza uzururaji hufuatwa pale chakula kinapokuwepo. Pumba zinapoadimika au bei yake ikipanda, kamba hukatwa.

Umbali anaozurura nguruwe ulipimwa magharibi mwa Kenya, katika eneo la Busia, ambako mazingira ya ufugaji yanafanana na haya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, nguruwe walivishwa kola zenye vifaa vya GPS. Walitembea kwa wastani wa mita 4,340 katika saa 12, mchana na usiku, na karibu nusu ya muda wao walikuwa nje ya boma la mwenye mali. Mwendo huo hutumia nishati ambayo ingejenga nyama. Kwa hiyo nguruwe wa kuzurura huonekana wa bei rahisi, lakini hukua polepole sana, watoto wake hufa wengi, na mwenyewe hupotea, hugongwa au huambukizwa.

Hoja hii ilielezwa na Faustin Lekule wa SUA na Niels Kyvsgaard wa Denmark katika makala iliyochapishwa mwaka 2003 katika jarida la *Acta Tropica*. Walionyesha kwamba kuboresha ufugaji wa nguruwe katika jamii maskini za kitropiki kunaweza kupunguza hatari ya tegu, mradi banda na chakula bora vimletee mfugaji faida anayoiona. Mfugaji hatajenga banda ili kuzuia kifafa cha mtu asiyemjua, lakini atalijenga ikiwa nguruwe wa bandani atafika sokoni mapema na akiwa mzito.

## Ufundishaji wa sayansi ya wanyama Morogoro

Wataalamu waliofanya kazi hii walitokana na mfumo wa elimu ulioanza Morogoro miaka ya 1960. Chuo cha kilimo kilifunguliwa hapo mwaka 1965 kwa ngazi ya diploma. Mwaka 1969 kikawa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1984 Bunge lilitunga sheria ya kukifanya chuo kikuu kinachojitegemea, na kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu aliyefariki mwaka huohuo.

Mwanafunzi wa sayansi ya wanyama husoma uzalishaji, kuzaliana na vinasaba, malisho, na lishe. Somo la lishe huanza na maabara: sampuli ya chakula hukaushwa, husagwa na kupimwa maji, protini ghafi, mafuta, nyuzinyuzi na majivu. Kisha hufuata jaribio la mmeng'enyo, ambapo mnyama hupimiwa kile anachokula na kile anachotoa, ili ijulikane ni kiasi gani kimebaki mwilini. Wahitimu wengi huenda kuwa maofisa mifugo wa halmashauri au walimu katika vyuo vya mafunzo ya mifugo, ambavyo sasa viko chini ya wakala wa serikali unaoitwa LITA. Maofisa hao ndio wanaofika kijijini Mbozi au Ileje na kumwonyesha mfugaji jinsi ya kuchanganya chakula.

## Wasomi waliotangulia

Katika miaka ya 1970 na 1980 sehemu kubwa ya utafiti wa lishe Morogoro ilihusu wanyama wanaocheua. Jackson Kategile, kwa mfano, alishughulikia namna ya kuongeza thamani ya magunzi ya mahindi kwa kuyatibu kwa magadi makali (sodiamu haidroksaidi). Kazi aliyochapisha na mwenzake mwaka 1979 ilihusu jambo hilo. Louis Mtenga alijulikana kwa utafiti wa mbuzi wa nyama. Baadaye Martin Shem na Abiliza Kimambo, wakishirikiana na Bob Ørskov wa Scotland, walionyesha mwaka 1995 jinsi ya kukadiria ukuaji wa ng'ombe kwa kupima kasi ya chakula kuvunjika ndani ya tumbo.

Magunzi na mabua yanaweza kumfaa ng'ombe kwa sababu vijidudu vya tumboni mwake huvunja nyuzinyuzi. Nguruwe ana tumbo moja, kama binadamu. Hawezi kuishi kwa mabua, na protini anayoihitaji lazima iwe na asidi amino zinazofaa. Kwa hiyo elimu ya kulisha ng'ombe haikuweza kuhamishiwa kwa nguruwe moja kwa moja. Ilihitajika kazi nyingine.

Faustin Lekule ni miongoni mwa walioifanya. Mwaka 1990 yeye na wenzake wa Denmark walichapisha vipimo vya thamani ya vyakula kadhaa vya kitropiki kwa nguruwe: viini lishe vilivyomo, mmeng'enyo wake, na nishati anayoipata mnyama. Kabla ya vipimo vya namna hiyo, mwalimu alilazimika kutumia majedwali ya Ulaya, ambako pumba, mashudu na mihogo havifanani na vya Afrika Mashariki. Lekule alishiriki pia katika tafiti za tegu zilizofanyika nyanda za juu za kusini, na hivyo akaunganisha somo la lishe na somo la afya.

## Tafiti za Mbozi

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 SUA ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Copenhagen na washirika wa Msumbiji katika mradi wa kuboresha maisha ya wafugaji wadogo wa nguruwe, uliofadhiliwa na Denmark. Mbozi na Mbeya Vijijini zilikuwa kati ya maeneo ya kazi. Wanafunzi wa shahada za juu walipita kijiji hadi kijiji wakiuliza nguruwe hulala wapi, hula nini, hunywa maji gani, na kaya ina choo cha aina gani.

Matokeo mawili yaliyochapishwa mwaka 2013 yanaeleza ukubwa wa tatizo:

* Kwa nguruwe, kipimo cha damu kilionyesha kwamba karibu 3 kati ya kila 10 katika Mbozi na Mbeya Vijijini walikuwa na dalili za kuambukizwa. Kuangalia ulimi peke yake kulibaini wachache zaidi, maana nguruwe mwenye lava wachache haonyeshi kitu ulimini.
* Kwa binadamu, Gabriel Mwanjali na wenzake waliwapima watu 830 katika vijiji 13 vya Mbozi. Asilimia 16.7 walikuwa na dalili za lava hai mwilini katika kipimo cha damu, na asilimia 5.2 walionyesha kuwa na tegu tumboni katika kipimo cha kinyesi.

Takwimu ya pili inahitaji kusomwa kwa makini. Kipimo cha damu hakisemi kwamba kila aliyepatikana ana lava ubongoni au ataugua kifafa. Kinaonyesha kwamba mayai ya tegu yalikuwa yameenea katika mazingira ya watu kuliko ilivyodhaniwa.

Tafiti zilizofuata katika eneo hilohilo ziliangalia athari ya dawa ya prazikwanteli. Dawa hiyo hutolewa kwa wanafunzi wa shule ili kutibu kichocho, lakini huua pia tegu wakubwa. Jambo jingine lililojaribiwa ni elimu kwa njia ya kompyuta, kupitia programu inayoonyesha mzunguko wa tegu kwa picha na hadithi.

## Vyakula vinavyopatikana mkoani

Chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote katika ufugaji wa nguruwe wa bandani. Kwa kawaida hupita nusu ya matumizi yote. Kwa hiyo wataalamu hupendelea vitu vinavyopatikana jirani. Vilivyo muhimu ni hivi:

* Pumba za mahindi hutoa nishati. Zina protini ya asilimia 10 hivi, lakini hazina laisini ya kutosha, ambayo ni asidi amino inayopungua kwanza katika chakula cha nafaka. Nguruwe anayekula pumba peke yake hushiba na kunenepa tumbo, ila hajengi misuli.
* Mashudu ya alizeti huongeza protini. Yaliyokamuliwa pamoja na maganda yana nyuzinyuzi nyingi na hayamfai nguruwe mchanga.
* Soya ina protini ya asilimia 36 hadi 40 na laisini nyingi. Haipewi nguruwe ikiwa mbichi, maana ina kizuizi cha mmeng'enyo kinachoharibiwa kwa joto. Ni lazima ichemshwe au ikaangwe kwanza.
* Dagaa waliosagwa ni chanzo bora cha laisini na madini, lakini ni ghali. Kiasi kidogo kinatosha, na huachwa wiki chache kabla ya kuchinja ili nyama isinuke samaki.
* Machicha ya pombe hufaa yakiwa mabichi; yakikaa huoza.
* Matembele, maboga na mboga nyingine huongeza vitamini. Huoshwa kwa maji safi, kwa kuwa majani na maganda yaliyookotwa chini yanaweza kubeba mayai ya tegu hadi ndani ya banda.
* Mihogo hutoa nishati. Mihogo michungu hukaushwa au kupikwa ili kuondoa sumu ya sianidi.
* Chokaa ya mifugo, mifupa iliyochomwa na chumvi hutoa madini.

Mahindi yaliyoota ukungu hayafai kwa nguruwe, ingawa wengi huona ndiyo matumizi yake. Ukungu hutoa sumukuvu, ambayo hudumaza nguruwe na kuharibu ini.

### Hesabu ya mchanganyiko

Katika shule na vyuo hufundishwa mraba wa Pearson, njia ya kuchanganya vyakula viwili ili kupata kiwango kinachotakiwa cha protini. Tuchukue nguruwe anayekua, anayehitaji asilimia 16. Pumba zina asilimia 10, na soya iliyokaangwa asilimia 38.

1. Toa 10 katika 16: jibu ni 6. Hizo ni sehemu za soya.
2. Toa 16 katika 38: jibu ni 22. Hizo ni sehemu za pumba.
3. Jumla ya sehemu ni 28.
4. Kwa kilo 100 za chakula, soya ni 6 ÷ 28 × 100, yaani kilo 21 hivi. Pumba ni kilo 79 hivi.

Kwa vitendo mfugaji hupunguza kidogo vyote viwili ili kuweka madini na chumvi. Watoto wa nguruwe walioachishwa kunyonya huhitaji protini zaidi, asilimia 18 hadi 20, na nguruwe wa kunenepesha huhitaji asilimia 14 hivi. Nguruwe jike anayenyonyesha huongezewa chakula kulingana na idadi ya watoto. Maji safi huhitajika wakati wote. Nguruwe akikosa maji huacha kula hata kama kihori kimejaa.

Nguruwe wa aina bora anayelishwa vizuri hutumia kilo 3 hadi 4 za chakula kwa kila kilo moja anayoongezeka, na anaweza kufikia kilo 90 akiwa na miezi 6 au 7. Nguruwe wa kienyeji ni mdogo na hukua taratibu, lakini huvumilia zaidi magonjwa na chakula duni. Machotara ndio wanaopendekezwa mara nyingi kwa mfugaji anayeanza.

## Mipaka ya banda

Banda peke yake halimalizi tegu. Katika tafiti za nyanda za juu za kusini, nguruwe waliofungwa nao walipatikana na maambukizi, ingawa uzururaji uliongeza hatari. Nguruwe wa bandani anaweza kuambukizwa kupitia maji ya mto, majani yasiyooshwa, au mikono ya mlishaji mwenye tegu. Banda lililojengwa kwa miti dhaifu huvunjwa usiku. Kwa hiyo hatua huhitajika kwa pamoja:

* choo kinachotumiwa na kila mtu wa kaya, wakiwemo watoto, na kinachofungika ili nguruwe asiingie;
* kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kuandaa chakula cha watu na cha nguruwe;
* matibabu ya watu wenye tegu, yanayofanywa na mhudumu wa afya;
* dawa ya oksfendazoli kwa nguruwe, ambayo huua lava walio katika misuli, kwa kuzingatia muda wa kusubiri kabla ya kuchinja;
* chanjo ya TSOL18, iliyotokana na utafiti wa Marshall Lightowlers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, ambayo imejaribiwa pia Tanzania;
* ukaguzi wa nyama, na kupika nyama hadi iive ndani.

Banda huleta pia mahitaji mapya ya lishe. Mtoto wa nguruwe huzaliwa na akiba ndogo ya madini ya chuma, na maziwa ya mama yana kiasi kidogo tu. Anayezurura hupata chuma kwa kula udongo. Anayelelewa kwenye sakafu ya saruji hupungukiwa damu na huweza kufa kama hakudungwa sindano ya chuma katika siku zake za kwanza. Mfugaji asiyeelezwa hili huona watoto wakipauka na kufa, akahitimisha kwamba banda ndilo baya.

Jambo jingine ni mabaki ya chakula kutoka hotelini na kwa mama lishe, ambayo katika mji kama Tunduma ni mengi. Ni chakula chenye nguvu, lakini yakiwa na vipande vya nyama ya nguruwe yanaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huo hauna tiba, huua karibu nguruwe wote wanaoupata, na huvuka mpaka pamoja na nyama na wanyama. Haumwambukizi binadamu, lakini humaliza mtaji wa kaya kwa siku chache. Wataalamu hushauri mabaki yachemshwe kabla ya kupewa nguruwe, na nguruwe wapya watengwe.

## Soko la Tunduma na mapato ya mfugaji

Madereva wa malori, wafanyabiashara na wasafiri wanaosubiri mpakani hufanya Tunduma kuwa soko la vyakula vya kupikwa, ikiwa ni pamoja na nyama ya nguruwe, inayojulikana mitaani kama kitimoto. Walaji hao hutoka mbali na huendelea na safari, hivyo nyama mbovu ya hapo haiishii hapo.

Wanunuzi wengi wa nguruwe humlaza mnyama na kumtazama ulimi kabla ya kutoa bei. Akionekana na vijifuko hukataliwa au hununuliwa kwa bei ya chini. Mfugaji hupata hasara yote, na kishawishi cha kumchinja mnyama huyo nyumbani bila mkaguzi huwa kikubwa. Kwa njia hiyo nyama mbaya zaidi ndiyo inayokwepa ukaguzi. Nguruwe aliyelishwa bandani kwa muda wote ana nafasi nzuri zaidi ya kupita kipimo hicho, na hapo ndipo gharama ya pumba hurudi mfukoni.

Mpaka huathiri pia bei ya chakula. Tunduma ni mlango wa biashara ya nafaka kati ya Tanzania, Zambia na Kongo, na bei ya mahindi inapopanda, pumba hufuata. Mfugaji aliyeweka akiba ya pumba kavu, au aliyepanda viazi vitamu kwa ajili ya nguruwe, huweza kuvuka kipindi hicho bila kufungua banda.

## Changamoto

Vipimo vya vyakula, majaribio ya ukuaji na matokeo ya Mbozi vimechapishwa zaidi kwa Kiingereza, katika majarida ya kimataifa na tasnifu za chuo. Mfugaji wa Mlowo au Itumba husoma Kiswahili. Kinachomfikia hutegemea ofisa mifugo mmoja anayehudumia kaya nyingi, mara nyingi bila usafiri wa uhakika.

Changamoto nyingine ni mgawanyo wa kazi serikalini. Lishe ya nguruwe iko chini ya sekta ya mifugo, vyoo na matibabu ya tegu viko chini ya sekta ya afya, na elimu ya watoto iko shuleni. Tegu hupita katikati ya sekta hizo zote. Mtazamo unaoitwa "Afya Moja", unaounganisha afya ya watu, wanyama na mazingira, unakusudia kuziba pengo hilo.

Aidha, watu wengi bado huamini kwamba kifafa huambukizwa kwa mate au hutokana na laana, na mgonjwa hutengwa. Pale chanzo ni tegu, ugonjwa huo unazuilika. Katika somo la kilimo au la biolojia, mwanafunzi wa Songwe anaweza kuufuata mzunguko wote kwa kuangalia nyumbani kwao: choo, maji, banda na kihori.

## Tazama pia

* Mkoa wa Songwe
* Tunduma
* Wilaya ya Mbozi
* Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo
* Nguruwe
* Tegu
* Kifafa